Viazi vya moshi: saa tatu nzima ndani ya pipa na bado vigumu. Nimekosea wapi?

Pipa la Jumamosi

Wakuu, habari za jioni.

Nina swali la viazi, na naomba msinicheke maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha.

Nina pipa la kuchomea nyama. Ni lile la lita 200, limekatwa kwa urefu, likatiwa bawaba, miguu, wavu ndani na bomba la kutolea moshi upande mmoja. Makaa nayaweka kushoto, nyama kulia, nafunika, moshi unapita juu ya nyama na kutokea kwenye bomba. Kwa nyama sina shida kabisa. Kipande cha bega kikikaa humo saa saba kwa digrii 110 kinachambuka kwa vidole, na hata shemeji yangu, mtu ambaye hasifu kitu, huwa anakula kimya.

Shida ni cha kulia hiyo nyama. Jumamosi iliyopita nikajiambia: pipa lina nafasi, moshi upo, kwa nini viazi visiingie humo humo? Nikachukua viazi mviringo kumi na viwili, vikubwa kama ngumi, nikaviosha, nikavipaka mafuta na chumvi, nikavipanga vizima na maganda yake pembeni ya nyama. Saa tatu nzima. Kwa nje vilipendeza kweli, hudhurungi, vinang'aa. Nikavipeleka mezani kwa mbwembwe zote.

Shemeji akachoma uma. Uma ukaingia nusu, ukagoma. Akautoa, akakigonga kiazi kwenye ukingo wa sahani, ko ko ko, kama anabisha hodi, halafu akaniuliza kama hivi ni vya kula au vya kupanda.

Havikuwa vibichi kabisa. Vilikuwa na ule ugumu wa kukwaruza meno, kama kitu kilichoanza kuiva kikaghairi. Ganda lilikuwa ngozi ya kiatu. Na moshi wenyewe niliouhangaikia haukuonekana ndani hata chembe, wote ulibaki kwenye ganda, tena mchungu. Vipande vya mti nilivyotumia nilikuwa nimeviloweka usiku kucha kama nilivyoshauriwa, na moshi ulitoka mwingi, mweupe, mzito. Nikadhani ndio uhondo wenyewe.

Jumamosi ijayo watu wale wale kumi na wawili wanarudi. Nyama lazima ikae kwenye 110, siwezi kupandisha moto kwa ajili ya viazi. Sasa nifanyeje? Niviache saa tano? Nivifunge kwenye foili? Au niachane navyo nipike mkate?

Mla Kwanza

Funga foili mkuu, zika kwenye makaa, dakika 45 umemaliza. Mimi ndivyo nafanya miaka yote na sijawahi kurudishiwa sahani.

Pipa la Jumamosi

Ahsante mkuu, lakini foili ikishafungwa moshi utapitia wapi? Nataka viazi vya moshi, si viazi vilivyojipika kwa mvuke ndani ya karatasi.

Mla Kwanza

Hapo umenibana. Ila vitaiva.

Mama Sufuria

Mwanangu Pipa, pole. Huyo shemeji mpe kisu cha kumenyea, atapunguza maneno.

Nimepikia watu kwenye sherehe miaka mingi, na kosa lako nililifanya mimi kabla yako, tena kwa ukubwa. Kilo ishirini. Nilikuwa nimeazima jiko kubwa la moshi, nyama upande mmoja, viazi vizima upande wa pili, nikavipa saa nne nikaona nimevitendea haki. Wageni wameshakaa, nachoma kijiti: kigumu. Kingine: kigumu. Nilivitoa vyote, nikavikata vipande, nikaviingiza kwenye karai la mafuta ya moto huku jasho linanitoka mpaka kwenye nyusi. Watu wakala wakasifu, eti viazi vya kukaanga vyenye harufu ya moshi, ubunifu ulioje. Sikumsahihisha mtu.

Kiazi si nyama. Bega la nyama linalainika kwa kukaa muda mrefu kwenye joto dogo. Kiazi ukikifanyia hivyo kinakaidi. Mkono wangu uliijua tabia hii zamani, ila sababu nilipewa na mpwa wangu aliyesomea mambo ya vyakula. Anasema seli za kiazi zimegandishwa pamoja na kitu kinaitwa pektini, kama udongo kati ya tofali na tofali. Wanga wa ndani unavimba na kuiva ukipita digrii 60 hivi, lakini pektini haiachii vizuri mpaka uvuke 80. Balaa liko hapo katikati. Kiazi kikikaa muda mrefu kwenye digrii 55 mpaka 70 kuna kimeng'enya ndani yake kinaamka, kinaigeuza ile pektini ikashikamana na kalsiamu ya kiazi chenyewe, na ikishashikamana hivyo haiachii kwa urahisi hata uongeze moto baadaye. Sasa chukua kiazi cha ngumi, kiweke kizima ndani ya pipa la 110. Kiini chake kinalipita eneo hilo kama mzee anayepanda ngazi. Umekaa saa nzima unakifundisha ugumu, halafu unashangaa kimefaulu.

Halafu piga hesabu nyingine. Kiazi kizima kilichoiva mpaka kikawa cha ungaunga kinataka kifike digrii 96 hadi 99 katikati. Pipa lako ni 110. Tofauti iliyobaki ni kumi na kitu tu, kwa hiyo mwendo wa mwisho ni wa kobe, na kila ukifunua kuchungulia nyama unamrudisha kobe nyuma. Tena nikuulize, kipimajoto chako kiko wapi? Kama kimetobolewa kwenye mfuniko, kinasoma hewa ya juu. Pale pembeni ulipovipanga viazi, mbali na makaa, pengine hata 100 haikufika.

Kwa hiyo saa tano si dawa. Utaongeza unene wa kiatu tu.

Usikiivishe kiazi kwa moshi. Kiivishe kwa maji, halafu ndiyo ukipe moshi.

Ijumaa jioni chemsha viazi na maganda yake. Achana na vile vya ngumi, chukua vya gramu 150 hivi, vinavyolingana, la sivyo vidogo vitapasuka kabla vikubwa havijaiva. Anza na maji baridi, na chumvi usiionee haya: kijiko cha mezani kilichojaa kwa kila lita moja na nusu, nyingi itamwagwa na maji. Yakianza kuchemka punguza moto, yatikisike tu, yasirukeruke. Hesabu kama dakika 20, ila saa usiisikilize sana, sikiliza kisu. Kiingie mpaka katikati bila kusukumwa, na kiazi kisipasuke. Mwaga maji, rudisha sufuria jikoni dakika moja ili mvuke ukimbie. Vikipoa, kabla saa mbili hazijaisha, viingie friji vilale humo.

Hiyo friji usiiruke ukidhani ni mbwembwe za Mama Sufuria. Wanga ulioiva ukipoa unajikaza, kesho yake kisu kinapita safi na kiazi hakimeguki. Na moshi unanata zaidi kwenye kitu baridi chenye unyevunyevu kuliko kwenye kitu cha moto kilichokauka. Lakini nasema viazi vilivyochemshwa! Vibichi usiviweke humo siku nyingi, baridi inageuza wanga wake kuwa sukari na vikifika motoni vinaungua rangi kabla ya wakati.

Jumamosi kata kila kimoja nusu kwa urefu. Hapa ndipo moshi wako ulipopotelea. Ganda la kiazi ni koti la mvua, kazi yake ni kuzuia vitu visipite, na moshi ukikuta koti unakaa juu ya koti. Upe ule weupe wa ndani. Kwenye uso uliokatwa chora mistari ya kupishana, kina cha nusu sentimita, kama unavyomchanja samaki. Paka siagi iliyoyeyushwa, na usiwe bahili. Vile vitu vinavyobeba harufu ya moshi vingi vinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo siagi inavidaka na kuviteremsha kwenye ile michoro. Nyunyiza chumvi.

Viingie pipani saa ya mwisho ya nyama, uso uliokatwa ukiangalia juu. Moto usiuguse. Hiyo 110 yako ambayo ilikuwa adui sasa inatosha, maana vimeshaiva, unavifukiza tu. Dakika 45 hadi saa moja, na katikati vipake siagi tena mara moja.

Nyama ukiitoa si inapumzika? Hiyo nusu saa ni mali ya viazi. Fungua matundu yote ya hewa, ongeza makaa yaliyokwisha kushika, subiri yawe mekundu. Laza viazi wavuni, juu ya makaa moja kwa moja, uso uliokatwa chini. Dakika tatu, nne. Usiondoke, usipige simu, usibishane na shemeji. Uso ukishika rangi ya dhahabu na kingo zikakauka, geuza upande wa ganda dakika mbili zaidi. Ganda hapo ndipo linapovunjika mdomoni badala ya kutafunwa kama mkanda.

Aina ya kiazi hukutaja. Kama huijui, koroga kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi kibichi. Kikizama kina wanga mwingi, kitakuwa cha ungaunga. Kikielea ni cha majimaji, kinabaki kizima hata ukikisahau, kizuri kwa saladi. Mimi kwa kazi hii natumia vinavyozama, lakini ukiviachia jikoni dakika tano zaidi unapata uji. Vya kuelea vinasamehe.

Mkaa Mkavu

Mama Sufuria amemaliza upande wa kiazi. Mimi nizungumzie ule uchungu, maana hautokani na kiazi.

Kuloweka vipande vya mti: acha. Mti hautoi moshi wa maana mpaka maji yaliyomo yatoke kwanza. Ulichokipata kwa kuloweka ni mvuke, makaa yaliyopoa na kazi ya bure. Na hata hivyo, kipande kigumu kikilala kwenye maji usiku mzima maji yanaingia juu juu tu, ndani kinabaki kikavu.

Moshi mweupe mzito si uhondo. Ni moto unaokosa hewa. Mti hauungui sawasawa, unatoa kreosoti, ile lami chungu ya moshi, na masizi, vinatua kwenye chakula. Nyama ya bega ina mafuta na ladha nzito, inavumilia kidogo. Kiazi hakina pa kujificha, kila uchungu utausikia. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa samawati, ambao ukisimama mbali unajiuliza kama upo. Pua itakuambia upo.

Bomba la juu liache wazi kabisa muda wote. Joto lisimamie kwa tundu la hewa la chini, upande wa makaa. Watu wengi wanabana juu ili "kuhifadhi moshi". Wanahifadhi masizi. Kipande cha mti kiwe kikavu, ukubwa wa ngumi, kimoja kwa wakati, kikishika ndipo uweke viazi. Kwa saa moja ya viazi vipande viwili vinatosha.

Mti mgumu wa matunda, mchungwa au mpera, unafaa. Msonobari na ndugu zake wenye utomvu, hapana. Mbao zenye rangi, zilizotiwa dawa, au zilizogundishwa, hapana kabisa, hata kama ni kipande kidogo "cha kuwashia".

Na kipimajoto cha pili kiweke juu ya wavu. Mama amekisia 100. Mimi nakisia 95.

Pipa la Jumamosi

Shikamoo Mama Sufuria. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mke wangu asikie. Amesema "si nilikwambia uchemshe" na ni kweli alisema.

Mkaa Mkavu, nimekwenda kupima sasa hivi na pipa tupu. Mfuniko unasoma 112. Wavuni, kona ya viazi, 94. Naomba radhi kwa viazi.

Swali moja dogo. Nikishachemsha Ijumaa, siwezi kuvifunga kwenye foili nikaviacha tu juu ya meza mpaka kesho? Friji yangu ndogo na nyama imeijaza.

Dada Kipimo

HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa kaka, lakini hilo ndilo jambo pekee kwenye uzi huu linaloweza kumpeleka mtu hospitali.

Kiazi kimeota udongoni, na udongoni kuna mbegu za bakteria wa botulinamu. Kuchemsha hakuziui, zinavumilia digrii 100. Zenyewe zikiwa zimelala hazina neno. Zinachotaka ili ziamke na kutengeneza sumu ni mahali penye unyevu, pasipo na ukali wa asidi, pasipo na hewa, na joto la kawaida la chumbani. Sasa chukua kiazi kilichoiva, kifunge foili, kiache mezani. Umezitimizia masharti yote, na shuka umezifunika.

Hili si la kutishana. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu hiyo, kutoka mgahawa mmoja. Chanzo kilikuwa viazi vilivyookwa ndani ya foili, vikaachwa hivyo hivyo siku kadhaa bila kuwekwa kwenye baridi, kisha vikasagwa kuwa rojo la kuchovya. Sumu yenyewe huwezi kuitegemea pua ikuambie ipo.

Kwa hiyo Mla Kwanza, foili yako kwenye makaa haina kosa, ila kiazi kikiiva kiliwe kikiwa moto, au foili itolewe na kiingie friji. Na Pipa, toa soda na maji kwenye friji, hivyo vikikaa nje haviharibiki. Viazi viweke kwenye sinia pana, safu moja, bila kufunika mpaka vipoe.

Ukiwa unachagua viazi, vyenye ukijani viache. Ukijani wenyewe si sumu lakini unaonyesha kiazi kimekaa kwenye mwanga, na kikikaa kwenye mwanga kinajitengenezea solanini, ambayo ni chungu, inachafua tumbo, na haitoki kwa kuchemsha. Kwa kuwa wewe unapika na maganda, kuwa mkali zaidi hapo.

Mla Kwanza

Miaka yote nimekuwa nikivifungia foili jioni nakula kesho yake asubuhi. Leo silali.

Dada Kipimo

Lala kaka. Kesho anza upya.

Kijiko Kirefu

Nachomekea kidogo. Kama kuna watoto au wazee wasiopenda ganda, ponda viazi na siagi na maziwa ya moto, vitandaze kwenye sinia ya chuma, vikwaruze kwa uma vipate matuta kama shamba lililolimwa, ingiza kwenye moshi dakika 20. Koroga, tandaza tena, dakika 10 nyingine. Kila ukikoroga unaleta uso mpya kwa moshi. Usizidishe, niliwahi kuacha saa nzima na ladha ikawa ya kulamba bomba la jiko.

Pipa la Jumamosi

Wakuu, Jumatatu hii nawaletea matokeo.

Viazi 20, nusu 40. Vilizama kwenye maji ya chumvi, nikajua ni vya ungaunga, nikavichemsha nikiwa nimesimama juu ya sufuria na kisu mkononi kama mlinzi. Dakika 18 kisu kikapita. Viwili vilipasuka, nikavila hapo hapo na chumvi, ikawa chakula cha usiku. Soda zilitoka friji, viazi vikaingia.

Asubuhi kisu kilipita kama kinakata jibini. Hapo nikaelewa Mama alisema nini kuhusu kulala kwenye baridi. Nikachanja mistari, nikapaka siagi. Vipande viwili vikavu vya mpera, kimoja kimoja, bomba wazi. Nikiri kwamba dakika kumi za kwanza nilikuwa na wasiwasi, maana moshi sikuuona. Nikaweka pua kwenye bomba, nikarudi nyuma haraka. Ulikuwepo.

Kosa langu lilikuwa nafasi. Nusu 36 hazikuenea upande wa kulia pamoja na nyama (hesabu ni sawa, viwili si nilivila), kwa hiyo nane nilizisogeza karibu na makaa na zilikauka kingo kuliko wenzake. Si mbaya, watoto walizigombania hizo. Na kwenye kuchoma mwisho nilifanya mafungu manne, la tatu likaungua kwa sababu shemeji alikuja kuniuliza kama nahitaji msaada na mimi nikamjibu. Mama Sufuria ulinionya.

Ila ndani, jamani. Laini, ya ungaunga, na moshi umeingia kwenye ile michoro mpaka unausikia kabla ya chumvi. Siagi ilikuwa imeganda rangi ya kahawia kwenye mistari. Ganda linavunjika. Mke wangu alikula bila nyama. Shemeji alichukua kimoja, akakigonga kwenye ukingo wa sahani kama kawaida yake, hakikulia. Akala nusu sita, nilihesabu, bila kusema neno.

Jana usiku amenitumia ujumbe. Anataka kuvipika kwake mwezi ujao na anaomba nimpe maelekezo. Mama, nimpe?

Mama Sufuria

Marahaba mwanangu. Mpe. Mwambie avioshe, avipake mafuta, aviweke vizima, saa tatu.